Warumi Wasiokuwa na Mto

Kwenye basi la kwenda Kilburn, hapa London, niliketi nyuma ya mama mmoja wa Kizanzibari na mtoto wa kaka yake, anayekaribia kuolewa. Mama alitaka kumfunda mambo ya unyumba, msichana hataki. "Shangazi, siku hizi kila kitu kiko online."

Tukashuka pamoja, na pamoja tukasimama kwenye meza ya muuza sarafu za kale, mzee wa Kiingereza. Alipoona mabuibui mawili, haraka akafunika kisahani kwa kiganja. Mama akausogeza mkono ule taratibu, akavaa miwani. Vilikuwa vipande vya shaba, nakala za vile vya Warumi wa kale: upande mmoja namba, upande wa pili mwanamume na mwanamke kitandani, hata shuka hawana. Mzee, uso umemwiva, akaeleza kwamba wataalamu bado wanabishana kama vilikuwa tiketi za danguro au kete za mchezo.

Mama anavigeuza tu, kimoja kimoja, kama anayechagua nyanya.

"Huyu kiuno kitamuuma. Mto uko wapi? Na huyu bwana anatazama wapi?"

"Shangazi, please! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Maskini, hawa hawakufundwa."

Muuzaji akauliza mama amesema nini. Msichana akamtafsiria: hawana mto. Mzee akakisogeza kipande machoni, akatikisa kichwa kukubali.

Kituoni, mimi nikijifanya nasoma ratiba ya basi, nikamsikia msichana akinong'ona: "Shangazi, tunaanza lini?"

Wataalamu na waendelee kubishana vilifanya kazi gani Roma. Kazi viliyoifanya Kilburn nimeishuhudia mwenyewe.