Kikohozi Kabla ya Kiitikio

Kilikuwa kikohozi kikavu, kabla tu ya kiitikio, na hakikuwamo katika toleo lingine lolote. Naandika tasnifu kuhusu historia ya matoleo ya wimbo mmoja wa granji, ile roki ya magitaa yenye mikwaruzo, na kaseti hii nilipewa na mjomba wangu anayeishi ughaibuni, Barking, aliyekuja nayo kutoka Dar es Salaam. Nilihitimisha kwamba nimegundua toleo la awali lisilojulikana. Kikohozi nilikihusisha na mpiga ngoma, katika kurasa kumi na nne. Msimamizi wangu alipozisoma alijibu kwamba kesho yake angeutangaza ugunduzi huo kwenye kongamano. Ndipo, kwa uangalifu wangu wote, nilipompigia mjomba kumuuliza kaseti ilitolewa wapi.

"Sebuleni kwetu," alisema. "Tuliweka redio mbili uso kwa uso, moja inapiga, nyingine inarekodi. Mama tulimwomba asiongee. Kukohoa hatukumkataza."

"Bibi?"

"Bibi yako. Kwani umemwandikaje?"

Nilimwambia.

"Mpiga ngoma," mjomba alirudia taratibu. "Na alivyokuwa akituzimia redio kila siku."