Laini ya Weldon Ilikuwa Juani

Weldon Kiplangat alifundisha kwa kujitolea miaka mitatu tu, lakini mpaka leo, upande wa Merigi, watu humwita Mwalimu. Mwandiko wake ni wa kuonewa gere. Koti lake lina vifungo vyote. Katika kamati ya kituo cha kukusanyia majani chai yeye ndiye katibu, na hajawahi kuchelewa kikao hata kimoja. Sasa mtu kama huyo anakosaje kuwa mwenyekiti? Hilo ndilo swali alilolala nalo na kuamka nalo, maana kiti kilikuwa cha Caren Chepyegon, mjane aliyeachia shule darasa la saba, ambaye kazi yake, kwa maoni ya Weldon, ilikuwa kuchekesha watu.

Mwaka juzi walipigiwa kura ya mlolongo, kila mkulima akajipanga nyuma ya anayemtaka. Weldon aligeuka kutazama watu wake, akamwona Elmina, mke wake wa ndoa, mama wa watoto wake wanne, amesimama nyuma ya Caren, tena anacheka.

"Laini yako ilikuwa juani," Elmina alimweleza walipofika nyumbani. "Ya Caren ilikuwa kivulini."

Wiki hiyo hiyo Weldon alinunua daftari. Kila Caren alipochekesha watu, yeye aliandika: maneno yenyewe, tarehe, na nani alicheka. Jina la Elmina lilijaa humo kuliko magugu. Aliyasoma maneno yale kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, asione la ajabu. Ng'ombe wa Caren, jino la Caren, kofia ya Caren ya kanisani. Upuzi mtupu. Na watu walikufa kwa kicheko.

Mwaka huu, siku nne kabla ya uchaguzi mpya, mvua ilinyesha vibaya na lori la kubeba majani likakwama matopeni. Jumatatu halikufika. Jumanne pia. Majani ya jana yalishika joto ndani ya magunia yakaanza kuwa mekundu, na mekundu kiwandani hayapokelewi. Watu walifura. Karani wa mizani, Nyamwange, alijifungia ndani akisingizia tumbo. Weldon alinusa ile harufu ya majani yanayoungua na, Mungu amsamehe, aliiona tamu. Leo tuone Caren atacheka na nani.

Caren alikuwa ameteremka kuangalia lori, kwa hiyo Weldon alipanda juu ya meza ya kuchambulia majani. Alikuwa na hotuba mfukoni. Lakini alipoona zile nyuso zimekunjamana aliwaza: kama yeye anaweza, mimi nashindwaje? Mbele yake bibi mmoja, Rebeccah, alikuwa anamwaga gunia lake, jekundu pyu.

"Mama Rebeccah," Weldon akasema kwa sauti kubwa, "hayo ni majani chai ama ni ya kuezekea nyumba?"

Rebeccah akainua uso polepole.

"Mwalimu, shuka hapo mezani."

"Shuka!" wengine wakadakia. "Shuka kabla tukushushe!"

Hapo ndipo Caren alipotokea, mguu mmoja una gambuti, mwingine umefungwa kipande cha gunia.

"Mwacheni Mwalimu," alisema akihema. "Anauliza kwa sababu ya kwake inavuja. Elmina ametuambia."

Watu waliangua kicheko. Elmina ndiye aliyecheka mpaka akashika nguzo. Weldon aliokolewa na kuvuliwa nguo kwa pigo moja.

"Na gambuti ingine, Mama Mwenyekiti?" mtu mmoja akauliza.

"Nimeachia lori. Lilikuwa linalia ati liko peke yake." Alingoja kicheko kitulie. "Sasa sikieni. Halitoki leo. Trekta inakuja kesho. Majani ya jana yameharibika, tusidanganyane. Ya leo tutaokoa tukiyatandaza sasa hivi, membamba, kila mahali penye paa."

Hakuna aliyemtukana. Watu waliinama wakafungua magunia.

Weldon alizunguka nyuma ya banda kwenda kumeza aibu yake, na huko akamkuta Caren. Alikuwa amekalia magunia yake mwenyewe, saba, mekundu yote, hakuna aliyepoteza zaidi. Uso ulikuwa wa matanga. Midomo ilikuwa inacheza.

"Nimeliachia kiatu... hapana. Nimelivisha kiatu lisishikwe na baridi. Eeh. Hiyo ni ya kesho."

Kumbe anafanya mazoezi! Miaka miwili Weldon amekuwa akionea wivu kipaji, kumbe ni homuweki. Yeye, Mwalimu mzima, ameshindwa kwa homuweki! Na papo hapo akaona uchaguzi wa Ijumaa uko mkononi mwake: awaambie tu watu kwamba utani wao hukaririwa.

"Mwalimu, usisimame hapo kama mlingoti," Caren alisema bila kugeuka. "Uko na lile daftari? Elmina alisema unaniandika."

Masikio ya Weldon yakawaka moto. "Hata leo unatafuta utani? Na magunia yako yako hivi?"

"Leo ndiyo zaidi. Nikikosa la kucheka nitakaa hapa nisiinuke, na nisipoinuka nani atawapa habari mbaya? Wewe ulijaribu, tukaona."

"Mimi nilikosea wapi?"

"Ulichukua shida ya Rebeccah. Mimi huchukua yangu. Gambuti ni yangu, matope yalinimeza mimi."

"Na paa langu?"

"Ulikuwa unazama, ndugu yangu, nikashika kilichokuwa karibu. Utanisamehe. Wewe yako huna?"

Weldon akasema, kama mtu anayetapika, "Bibi yangu alinitoroka kwa laini kwa sababu ya jua."

Caren alicheka mpaka akajifuta machozi, kicheko ambacho hakikuwa cha mazoezi. Kilimwingia Weldon kama chai moto, na mara hiyo hiyo kikamkera: kumbe huu ndio utamu anaokula peke yake kila siku!

Hakumsema kwa watu. Wangeuliza alijuaje, na Caren angelitaja daftari. Ijumaa jua liliwaka, na kabla ya laini kupangwa Weldon alinyoosha mkono. "Ombi langu ni moja. Laini yangu leo iwe kivulini. Mnajua kwa nini."

Watu walicheka! Walimchekea yeye. Weldon aligeuka, kifua mbele, akamwona Elmina anampita huku ameshika sketi, anaenda nyuma ya Caren.

"Leo kivuli si kipo!"

"Kipo, Mwalimu," Elmina alisema. "Lakini kina matope."

Uwanja mzima ulilipuka. Caren alichuchumaa kabisa. Weldon alishindwa kwa watu kumi na mmoja.

Alitangulia nyumbani, akafungua daftari, akaandika maneno ya mkewe na tarehe. Aliyasoma mara tatu. Yalishinda yake. Yalishinda hata ya Caren. Akachukua rula, akachora mstari katikati ya ukurasa, apate nafasi ya majina mawili: Caren huku, Elmina huku.