Chapati za Mtu wa Posta

Nilimdanganya mama kwamba mtu wa posta ana njaa. Naisema mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, watu wa posta hapa kwetu Brooklyn Center, huku ughaibuni, hupita na barua kama kawaida, ila siku hiyo hubeba na chakula. Unaacha mfuko wa mikebe, mchele, pasta, chochote kisichooza, karibu na sanduku la barua. Wao wanauchukua, unapelekwa kwenye ghala la msaada kwa familia zilizokwama. Siku chache kabla, wanaleta kadi ya kukumbusha. Kadi ya mwaka huu ilimkuta mama ametoka shifti kwenye nyumba ya wazee, amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto, macho yamefungwa.

"Nisomee hiyo," akasema.

Ningeisoma ilivyo, mambo yangeishia hapo. Lakini ulimi wangu una akili zake. Nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari: "Wapendwa wakazi, watu wa posta hawajalipwa mshahara. Tafadhali wasaidieni kwa chakula."

Nilipanga kucheka baada ya sekunde kumi. Kufika ya sita, mama alikuwa ameketi wima.

"Nilijua," akasema. "Yule mwanamume, nilijua tu!"

Hapa lazima nieleze. Mtu wetu wa posta ni Mzungu wa makamo anayevaa kaptula mwaka mzima. Januari, theluji imefika magotini, yeye na kaptula yake. Watu wa hapa wanaona ni ushujaa. Mama, tangu mwaka wetu wa kwanza, ameona ni umaskini. Kwa hiyo mbegu yangu ya uongo haikuangukia mwambani. Iliangukia udongo mzuri, uliolimwa na kutiwa mbolea.

Mbona sikukanusha? Kwanza, alinitazama na machozi yanamlenga, akasema, "Na barua zetu hajawahi kuchelewesha, maskini." Mtu kama huyo utamwambia nini? Pili, na hii sijivunii, alitaja chapati. Kwetu chapati ni za Krismasi na za wageni waliopanda ndege.

Ningekuwa nimeharibu jikoni tu, si neno. Lakini mama alikuwa ameingia kikundi cha wamama wa kanisa majuzi, na mwenyekiti wao, mama mmoja anayeweza kukukagua roho kwa jicho moja, alikuwa bado anampima. Mama alitamani sana aonekane mtu wa maana pale. Ijumaa akatuma ujumbe wa sauti kwa kikundi kizima: wamama, watu wa posta wana njaa, kila mtu na apike. Mwenyekiti akajibu, "Asante dada, huu ndio moyo tunaoutaka." Mama aliusikiliza ujumbe huo mara nne. Mimi mara moja ilinitosha.

Jumamosi asubuhi nikajaribu. Nilimkuta jikoni, unga hadi kwenye nyusi.

"Mama, kuhusu ile kadi..."

"Geuza hiyo isiungue."

Nikageuza. Iliungua kidogo, nikaila kuficha ushahidi. Nikajaribu tena, ikaungua nyingine. Kufikia ya tano nilikuwa nimeshiba kiasi cha kushindwa kutubu.

Saa saba mchana mwenyekiti akafika na sufuria ya ndengu, maana mtu wa posta wa kwao ni huyu huyu wa kwetu. Wakasimama mlangoni na hotipoti ya chapati kama wanaopokea maharusi. Gari jeupe likaja polepole, likasimama.

"Karibu, mwanangu," mama akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini. "Usione haya. Kaa kwanza ule."

Jamaa akatazama hotipoti, akatazama mfuko aliokuwa ameshika. "Mama, samahani, ghala hawapokei chakula kilichopikwa."

"Si cha ghala. Ni chako wewe."

"Changu?"

"Tumesikia habari za mshahara," mwenyekiti akasema kwa upole wa matangani. "Usijali, Mungu yupo."

"Mshahara gani? Nimelipwa jana."

Nilianza kurudi kinyumenyume. Mama hakugeuka. Alisema tu, kwa Kiswahili, taratibu, "Wewe. Ile kadi ilisema nini?"

Nikaisema yote, mikebe na pasta na ghala. Simu ya mwenyekiti ikaanza kulia. Alikuwa mmoja wa wamama wa kikundi kutoka Woodbury, upande wa pili wa jiji, anauliza afanye nini, amemfukuza mtu wake wa posta mtaa mzima na pilau, naye jamaa amejifungia garini.

Mwenyekiti akakata simu, akamwangalia mama. "Dada, hukuisoma wewe mwenyewe?"

Mama akainamisha kichwa. Nimemwona amechoka, nimemwona amekasirika. Hivyo sikuwahi kumwona.

Aliyetuokoa ni mwenye kaptula. Huenda hakuelewa neno, lakini nyuso alizisoma. Akaangalia saa. "Mapumziko yangu ya chakula ni sasa hivi," akasema. "Miaka minne napita mlango huu nanusa tu." Akaketi kwenye ngazi, akavua kofia mwenyekiti alipoombea chakula, akala chapati tatu na ndengu. Alipoomba kuongezewa, mwenyekiti akacheka mpaka akashika ukuta. "Kijana wako ni mwongo, dada," akamwambia mama, "lakini mkono wako kwenye unga ni mwema."

Kisha jamaa akauliza, kwa adabu, mfuko wetu wa ghala uko wapi.

Hakukuwa na mfuko. Kanisa zima lilikuwa limepika, na hakuna aliyekumbuka mkebe hata mmoja. Mama akaingia ndani, akatoka na mchele, maharagwe na katoni yangu nzima ya tambi za haraka, ile niliyoinunua kwa kufyeka nyasi za majirani. Nikaibeba mwenyewe hadi garini, jamaa akanikonyeza.

Mwenyekiti alipoondoka na sufuria tupu, mama alifuta mikono kwa leso, akaniangalia kutoka utosini hadi viatuni, akasema:

"Leo umeniaibisha mbele ya mwenyekiti. Kesho kanisani, wakati wa matangazo, utasimama wewe uwaambie wote. Na mimi nitakaa kiti cha mwisho kabisa, nihakikishe sauti inafika."