Gundi Chini ya Stika

Droni ilianguka Mbita, hatua moja tu kutoka kwa mama aliyekuwa ameinama akigeuza dagaa wa omena juani. Tulikuwa tukipiga video ya harusi ufuoni, rimoti ikiwa mikononi mwangu. Niliomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Mama yule akaitazama droni, akanitazama mimi. "Nyathina, mwanangu, na kama ingenipata kichwa?" Nilikosa jibu.

Bosi wangu, mwenye studio kule Rongo, hakukosa. Kila aliyeuliza aliambiwa ni mimi, eti mikono iliyozoea mwiko haiwezi rimoti. Halafu akaisuuza droni matope kwa maji ya ziwa, akaianika kwenye wavu kando ya omena, betri ikiwa ndani! Nilipomaliza kuwatuliza wenye harusi na kuja kuichomoa, betri ilikuwa imefura kama andazi.

"Weka betri ingine, badilisha propela," akasema. "Kesho tuko na matanga Oyugis. Wewe ndio utarusha."

Matanga! Wazee na watoto wamejaa uwanjani, nami niirushe juu ya vichwa vyao bila hata kuikagua. Hasira zilinipanda.

Tuliporudi studioni niliiweka mezani. Nilizungusha mota moja moja kwa kidole. Tatu zilizunguka vizuri, ya nne ikakwaruza. Nikaupapasa mkono wa droni unaoishikilia, nikafika kwenye stika ya studio, ile aliyoibandika bosi mwenyewe mwezi uliopita akisema ni ya matangazo. Nikaibandua. Chini yake palikuwa na ufa uliojazwa gundi, gundi ya zamani iliyogeuka manjano, na ufa wenyewe umefunguka tena. Kumbe alishaiangusha yeye, akaficha, kisha akanipa mimi niirushe juu ya watu. Na bado akanitangaza!

Nikamwita. "Hii gundi umeweka lini?"

"Hiyo ni kitu kidogo. Si ilishika?"

Nikaushika mkono ule wa droni kwa vidole viwili, nikaubonyeza kidogo tu. Ukakatika palepale.

"Sasa ona!" akanifokea. "Si nilisema ni wewe unaharibu?"

Kesho yake sikwenda Oyugis. Nilikwenda Mbita na kile kipande, gundi yake ikionekana, kumpelekea yule mama jibu lake.