Bawaba za Kipakatalishi Cheusi

Siku yangu ya kwanza katika ushirika wa maziwa pale Nyeri, Bwana Katibu alinikabidhi kipakatalishi, yaani kompyuta ya kubeba mkononi. Kilikuwa cheusi, kizito, cha aina iliyoundwa kwa kazi za ofisi. "Hii ndio faili ya ng'ombe zote za Kieni," aliniambia. "Chunga hiyo kitu." Nilizunguka kwa wafugaji hadi Endarasha nikipandisha ng'ombe kwa mbegu nilizobeba na kuandika kila ng'ombe amepandishwa kwa mbegu ya fahali gani, mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, asije akapewa mbegu ya babake mwenyewe.

Wafugaji wetu walitaka kuona kwa macho. "Ati ng'ombe yangu iko hapo ndani? Hebu fungua." Nilifungua, mama akaona, nikafunga; mzee akitoka shambani nikafungua tena. Bawaba za chuma zilizoshika kioo zilivumilia hayo miaka minne. Kiliwahi hata kuanguka kutoka kwenye pikipiki, nikapangusa matope tukaendelea.

Kisha akaja Bwana Meneja mpya, akakionea aibu. Akaninunulia cha rangi ya fedha, cha kutumia nyumbani, chenye spika za muziki. Nilimwonyesha kwamba bawaba zimeshikizwa kwenye plastiki tupu. Akacheka. "Wewe nawe! Hii ni ya kisasa."

Mwezi wa pili, nikimfungulia Mama Nyambura, plastiki ilipasuka na bawaba ikakata waya wa kioo. Giza! Na mtamba wake alikuwa anataka kupandishwa siku hiyo hiyo.

"Sasa nitafanya aje?" aliniuliza.

Nilirudi mbio ofisini, nikakitoa kile cheusi stoo. Kikawaka, na rekodi za ng'ombe zilikuwa bado humo. Mbegu niliyokuwa nimebeba ilikuwa ya babake yule mtamba! Nikabeba nyingine, nikarudi Endarasha.

Shukrani yangu ilikuwa barua ya onyo: nimeharibu mali ya ushirika kwa uzembe. "Ulikibeba kama gunia ya viazi!" Bwana Meneja alinifokea mbele ya wenzangu. Mimi, mzembe! Yeye aliyekataa kusikia hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Nilistaafu barua hiyo ikiwa bado kwenye faili yangu. Siku ya kuagwa walinipa kile cheusi, wakisema ni chakavu. Kiko mezani sebuleni, pamoja na nakala ya barua. Mgeni akija, namwambia afungue, afunge, afungue tena. Kisha namsomea ile barua.