Ntambwe, Mwandika Vibao wa Kolwezi

Ukitaka kumjua Ntambwe, tazama vibao vya Kolwezi. Saluni, butiki, duka la dawa, hata kanisa: herufi zimenyooka, rangi haijachuruzika hata tone, na chini pembeni ametia jina lake kwa madaha. Akikosea herufi moja, hukwangua kibao kizima akaanza upya. Ana maringo mzee huyo, tena yanamstahili!

Ndiyo maana alichanganyikiwa siku alipokwenda kwa Bwana Liu, Mchina muuza vipuri vya malori. Ukutani, nyuma ya kioo, palining'inia maandishi ya Kichina yenye madoa ya wino, maneno yaliyokatwakatwa na mistari inayopinda.

"Hii njo kazi ya mutoto wa masomo?" akauliza.

Liu alikuwa ameshakijua Kiswahili cha mjini, hata kumwita mzee "tata", yaani baba. "Hapana, tata. Ni ya mukubwa wa serikali, zamani sana. Fundi wa kuandika. Vita iliua mutoto wa ndugu yake, akaandika na machozi."

Akamsimulia kwamba afisa yule hakujua kujipendekeza. Aliwaambia wakubwa ukweli, nao wakawa wanamfukuza mji mkuu. Uzeeni waasi walimshika, akakataa kuwapigia magoti, wakamuua. Aliandika mengi safi, lakini hili chafu watu wanalipenda mno.

"Na hakurudilia kuandika?"

"Hakurudilia."

Makubwa! Watu wazima wanatundika makosa ukutani! Ntambwe alirudi nyumbani akitikisa kichwa.

Mvua hazijakatika, udongo ukaporomoka katika shimo la wachimbaji upande wa mgodi wa Mashamba, ukamfunika kijana. Jina lake Ntambwe pia. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake mzee Ntambwe, amepewa jina la baba yake mkubwa; kwetu wawili wa jina moja huitana "majina", na hawa waliitana hivyo tangu mtoto ajue kusema. Mama yake, Ngalula, hakuwa na mwingine. Aliomba jambo moja tu.

"Tata, musalaba utaandika weye. Mutu mwingine asiguse jina yake."

Siku ya mazishi, mbele ya watu wa matanga, Ntambwe akashika brashi. Anamwandika nani? Jina lilikuwa lake pia. Mkono ukakimbia wenyewe kama ulivyozoea, jina likatoka, kisha mwaka wa kuzaliwa. Watu wakaguna. Alikuwa ameandika 1964, mwaka wake yeye!

"Yesu!" dada yake Mushiya akapiga kelele. "Amejizika mwenyewe! Unguza ile ubao!"

Ntambwe akachovya brashi tena. Akaukata mwaka kwa mstari, akaandika 2003 pembeni kwa haraka, rangi ikachuruzika. Akachukua kitambaa afute vyote. Afisa yule wa Kichina akamjia kichwani, na hata hapo hakuelewa kitu. Afute? Aache? Gari la maiti lilikuwa limeshawashwa.

"Mama Ngalula, unisamehe. Nipe ubao ingine. Mi sijui nimefanya nini."

Ngalula akamnyang'anya kitambaa. Akaupapasa ule mwaka uliokatwa, rangi ikamshika kidoleni.

"Weye hujui, mi najua," akasema. "Ulikuwa unamupa myaka yako. Acha vile, tata. Batu baone kulikuwa mutu wa kumupa yake."

Kilio kikamtoka Ntambwe, mzee mzima, mbele ya wote. Msalaba ukapandishwa garini rangi ikiwa bado mbichi.