Fundi wa Kibokoni aliyemvisha mposaji buibui

Saa tatu asubuhi, Kibokoni, Mji wa Kale. Bi Ruweida Abdulghafur amepiga magoti sakafuni, anashona upya pindo la buibui lililochanika. Mvaaji ni Samuel, mwigizaji kutoka mtaa wa Buxton, mrefu kama mlingoti.

"Simama wima, mwanangu. Kitambaa chote cha Mombasa chaishia kwako," anamtania.

Bi Ruweida, 54, ameshona mabuibui kwa miaka thelathini. Tangu mwaka jana anashonea pia kikundi cha Zoher, mwalimu kutoka mtaa wa Tudor aliyetafsiri mchezo wa kuchekesha wa Kiingereza, wa zaidi ya miaka mia moja, ili uigizwe upya hapa.

Onyesho la kwanza lilidorora. Watu themanini walikuja, nusu wakaondoka wakati wa mapumziko. Mwenye ukumbi akampa Zoher Jumamosi moja tu zaidi. Mambo yakiwa yale yale, basi.

"Nilirudi nyumbani nalia," anakiri Bi Ruweida. "Makoti yale ya waigizaji niliyashona kwa roho yangu yote."

Lakini alijua kasoro iko wapi. Katika mchezo ule, kijana anakwenda mwenyewe kwa shangazi wa binti kuposa.

"Nikamwambia Zoher, mwanangu, hapa kwetu posa hupelekwa na wazee. Huyu aja peke yake, apiga goti, ataka jibu papo hapo! Watu wacheke nini? Wamuonea haya."

Zoher alikasirika, akasema mchezo mkongwe haukatwi ovyo. Bi Ruweida hakubishana. Alishona buibui la kumtosha Samuel, anayeigiza mposaji, akampelekea Zoher na wazo lake: mposaji ajifiche miongoni mwa wanawake walioleta posa, asikie mwenyewe anavyojadiliwa. Zoher akakubali kujaribu.

Jumamosi ya pili, shangazi alipomsogezea "bibi" yule mrefu sahani ya haluwa na kumuuliza ana watoto wangapi, ukumbi mzima uliangua kicheko. Samuel akakurupuka, akakanyaga pindo, likachanika. Watu hoi.

"Nilimwomba radhi," asema Zoher. "Bi Ruweida awajua watu wetu kunishinda." Ukumbi ni wao hadi Desemba.

Bi Ruweida ameridhika, ila ana haja moja. Kila onyesho yeye huwa nyuma ya pazia, anavisha na kuvua. Sasa anamfundisha jirani yake, Hussaina, kazi hiyo, na Jumamosi ijayo amejiwekea kiti safu ya mbele.

"Kicheko nimekisikia," asema. "Sasa nataka nikae niwaone wakicheka."